Mguu kwanza, raba baadaye

Hii ni hotuba ya kuchagua raba za kukimbilia niliyotoa Jumapili pale Temeke tulipomaliza mbio za asubuhi. Wengi mliwahi ibada, wengine mliwahi kufungua vibanda, mkaniomba niiweke yote kwa maandishi. Haya, nimeiweka kama nilivyoisema, picha nilizokuwa naonyesha tu ndo nimeziacha.

Mwenyekiti na viongozi wote wa klabu, wazee wangu shikamooni, mama zangu, kaka zangu, dada zangu na wadogo zangu, hamjambo? Poleni na mbio, hongereni kwa jasho.

Wengi mnanijua, kazi yangu ni fiziotherapia, wiki nzima nashughulika na magoti, visigino na nyonga za watu, mwisho wa wiki nipo barabarani na nyie. Leo mwenyekiti kanipa maiki niongelee raba na nimemshukuru sana, maana hili jambo linaniuma moyoni muda mrefu. Mtu anaamua kuacha soda, anaamka saa kumi na moja alfajiri, anaanza kukimbia ili presha ishuke na uzito upungue, miezi miwili tu goti limevimba au kisigino hakikanyagiki, anaacha. Na wengine wakiacha ndo basi, hawarudi tena. Presha inapanda, uzito unarudi, na ukifuatilia chanzo unakuta ni kiatu ambacho mwenye duka alisema ni kizuri.

Naomba kila mtu atazame chini. Usitazame kwa jirani, tazama miguu yako mwenyewe. Umevaa nini? Naona raba za kukimbilia, naona raba za basketi, naona za turubai, naona raba za mtoko kabisa zile za kwendea harusini. Sasa nauliza, hiyo uliyovaa uliichagua kwa kigezo gani? Rangi? Jina lililoandikwa ubavuni? Bei? Au muuzaji alikwambia hizi ndo anavaa Simbu? Maana tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, akamshinda Mjerumani pale mstarini kwa upana wa kifua tu, kila kibanda cha viatu mjini kina raba ya Simbu. Mimi nafurahi, tena nafurahi sana, ila nauliza tu, mguu wako ni wa Simbu?

Kuna neno moja leo nitalirudia mpaka mlichoke. Mguu kwanza, raba baadaye. Semeni na nyie. (Watu: Mguu kwanza, raba baadaye!) Haya.

Naanza na saizi, kwa sababu watu wote wanataka tuongelee sapoti, sapoti, sapoti, wakati nusu ya wanaokuja kwangu na vidole vimeharibika tatizo ni namba tu. Alikuja dada mmoja, anajiandaa na nusu marathoni ya Moshi, kucha za vidole gumba vyote viwili nyeusi tii, moja inaning'inia. Namuuliza unavaa namba ngapi, ananijibu 39, tangu sekondari navaa 39. Nikamsimamisha juu ya karatasi, nikachora mguu wa kulia, nikachora wa kushoto. Wa kushoto mrefu kuliko wa kulia, na wote wawili hauingii hata mmoja vizuri kwenye ile 39. Tangu sekondari mpaka leo ameshazaa watoto wawili! Mama zangu mliopo hapa, mguu wakati wa mimba unaweza kurefuka na kutanuka, kano zinalegea, na ukishajifungua si lazima urudi ulivyokuwa. Usivae namba kwa kumbukumbu, pima upya.

Kupima kwenyewe ni hivi. Nenda dukani jioni, usiende asubuhi, kwa sababu mchana kutwa mguu unavimba kidogo na ukikimbia unavimba hivyohivyo. Nenda na soksi zako za kukimbilia. Vaa zote mbili, simama, usikae, na mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Nimesema kidole kirefu kuliko vyote, kuna watu wengi hapa kidole cha pili ndo kimezidi gumba, mpime hicho. Vidole viweze kucheza. Ubavuni pasibane, kisigino kisipande ukitembea. Halafu usiishie kusimama kwenye kapeti ya duka, mwambie muuzaji nakimbia kidogo hapo nje, akikataa mrudishie raba yake uende duka la pili.

Mnamkumbuka yule Mkenya, Eliud Kipchoge, kwenye marathoni ya Berlin mwaka 2015? Soli za ndani zilichomoka mapema sana kwenye mbio, zikawa zinaning'inia nje kisiginoni zinapepea, akakimbia nazo hivyohivyo mpaka mwisho miguu inavuja damu, na bado akashinda kwa saa 2 na dakika 4 kamili. Wengi mkiangalia ile video mnasema jamaa ni chuma. Ni kweli ni chuma. Ila mimi nikiiangalia naona miguu ya binadamu bora kabisa kuliko wote ikiteswa na kiatu kilichoshindwa kukaa sawasawa siku ya mbio. Kama yeye yalimpata, wewe unayefungua boksi jipya Jumamosi usiku ukimbie kilomita 21 Jumapili asubuhi, yatakupita vipi? Raba mpya ianze na mbio fupifupi, wiki mbili tatu, ndo uipeleke kwenye mashindano.

Hayo ya saizi yameisha. Sasa twende kwenye hiyo sapoti, na hapa naomba mnisikilize taratibu maana maneno ya madukani na maneno ya utafiti yamepishana sana.

Sapoti kwenye raba ni nini? Ukikimbia, mguu unatua, halafu unalala kidogo kuelekea ndani. Huko kulala si ugonjwa, ndivyo mguu ulivyoumbwa, ndivyo unavyomeza kishindo. Wengine unalala kidogo, wengine unalala sana. Kuanzia miaka ya 1970 mwishoni na 1980 viwanda vikaanza kutengeneza raba za kuzuia huko kulala, wanaweka sponji ngumu upande wa ndani, mara nyingi utaiona ina rangi tofauti, ya kijivu, siku hizi wengine wanaweka kingo pembeni zinazoinuka zikashika kisigino, na nyuma pale kunakuwa pagumu. Hizo ndo raba za kushikilia mguu. Na pembeni yake zipo za kawaida, sponji moja mwanzo mwisho, hazimzuii mtu chochote.

Likaja na lile jaribio la maji, mnalijua? Unalowesha unyayo, unakanyaga karatasi, ukitokea wote mzima wanakwambia una nyayo bapa, wenyewe mnaita flati, basi wewe lazima uvae raba ngumu. Ukitokea na uwazi katikati wanakwambia we kawaida. Limeenea dunia nzima, maduka makubwa kabisa yameuza raba kwa jaribio hilo.

Sasa jeshi la Marekani likalichukua hilo jambo likalipima. Wao wana makuruta maelfu, wanakimbia kila siku, wanaumia kila siku, kwa hiyo wana sababu ya kutaka kujua. Kundi moja wakapewa raba kufuatana na umbo la unyayo, bapa wakapewa ngumu, wenye upinde mkubwa, yaani unyayo umeinuka sana katikati, wakapewa laini, na kadhalika. Kundi la pili wakapewa raba aina moja wote bila kuangalia unyayo. Matokeo yakatoka 2009, wakarudia kwa jeshi la anga, wakarudia kwa wanamaji. Mnajua walikuta nini? Kuumia ni kulekule! Kuchagua raba kwa umbo la unyayo peke yake hakukumwokoa mtu.

Wadenmaki nao wakachukua watu wapya wasiowahi kukimbia, zaidi ya 900, wakawapa raba ya kawaida isiyozuia chochote, wakawafuatilia mwaka mzima. Matokeo yakachapishwa 2014, wale ambao miguu yao inalala ndani hawakuumia zaidi ya wengine. Kwa hiyo mwenye flati mwenzangu hapo, nani kakwambia una kilema?

Ila subirini, msipige makofi bado. Luxembourg nao wakafanya yao, 2016, wakimbiaji 372, nusu raba za kushikilia, nusu za kawaida, zinafanana kwa nje, mkimbiaji hajui kavaa ipi. Na wao wakakuta waliovaa za kushikilia waliumia pungufu kuliko wa zile za kawaida, na nafuu ilikuwa hasa kwa wale ambao miguu yao inalala sana. Kwa hiyo sapoti si uongo. Sapoti ina mwenyewe. Ukimpa asiye mwenyewe unamsumbua, ukimnyima mwenyewe unamsumbua pia.

Utamjuaje mwenyewe? Hapa ndo nawaletea watu wangu wawili.

Wa kwanza ni mama mmoja, mama lishe, mwili mkubwa, nyayo bapa kabisa, kwenye karatasi yangu unyayo wake ulitokea wote. Kuna mtu alishamwambia anahitaji sapoti kali, akauziwa raba ngumu yenye nundu katikati ya unyayo, pale ambapo wenye upinde wana nafasi. Yeye pale hana nafasi. Ile nundu ikawa inamchoma kila hatua, akaanza kukanyaga kwa nje kuikwepa, goti upande wa nje likaanza kuuma. Nikamuuliza mama, kabla ya raba hizi ulikuwa unaumwa? Akasema mwanangu nilikuwa nakimbia na raba za kijana wangu siumwi popote. Unaona? Tulijaribu raba tatu pale koridoni, anavaa anakimbia kwenda na kurudi, akachagua ya kawaida, pana, soli imekaa chini vizuri. Mpaka leo anakimbia nayo.

Wa pili ni kijana mlinzi, anasimama getini usiku kucha, akitoka zamu anakimbia. Huyu unyayo wake una upinde wa kawaida kabisa! Jaribio la maji lingemwambia we kawaida. Lakini nilipomwambia asimame mguu mmoja akunje goti kidogo, mguu ukaanguka ndani, goti likafuata, na maumivu yake yalikuwa palepale kwenye kifundo upande wa ndani, yanakuja kilomita za mwisho akishachoka. Huyo ndo mwenye sapoti. Raba yenye upande wa ndani mgumu ilimtuliza, pamoja na mazoezi ya kunyanyuka kwa vidole kila siku, yale ya kusimama kwenye ngazi unapanda unashuka, mpaka misuli ya nyuma ya ugoko ikapata nguvu.

Mwenye flati kaenda kwenye raba ya kawaida, asiye na flati kaenda kwenye ya kushikilia. Kwa hiyo tukubaliane, usichague kwa picha ya unyayo. Jiulize maswali haya. Je, unaumwa? Kama unakimbia miezi na miezi huumwi, raba yako usiibadilishe aina, eti kisa mtu kakwambia una flati. Kama unaumwa, unaumwa wapi? Kifundo upande wa ndani, ugoko upande wa ndani, na mguu unaanguka ndani ukisimama mmoja? Jaribu ya kushikilia. Mpe rafiki simu akurekodi kwa nyuma ukikimbia, video ya taratibu, uone mwenyewe kisigino kinafanya nini, na arekodi mwisho wa mbio ukiwa umechoka, mwanzoni kila mtu anakimbia vizuri.

Na la mwisho kwenye hili, wataalamu wa chuo kikuu cha Calgary kule Canada wamekaa na hili jambo miaka mingi, na ushauri wao mkubwa ni mwepisi mno mpaka wengine hawauamini. Raba inayokukaa vizuri mguuni tangu dakika ya kwanza, ambayo ukikimbia nayo unaisahau, hiyo ndo kuna uwezekano mkubwa ni yako. Usikubali kuambiwa itakuzoea. Viatu vya ngozi vinazoea, raba ya kukimbilia inayokuchoma dukani itakuchoma na barabarani. Mguu kwanza? (Raba baadaye!)

Haya, sasa hapa tupo watu wa aina nyingi, acha niwapitie.

Nyie mnaoanza. Mnahitaji raba ya kawaida, sponji ya kutosha, kisigino kimeinuka kidogo, soli pana. Basi. Msinunue zile zenye bamba la kaboni ndani. Zile ni za mashindano, zina sponji nene na nyepesi, shirikisho la riadha duniani lenyewe limeziwekea mpaka, soli isizidi milimita 40 na bamba liwe moja, sasa ujue kitu kinachowekewa mpaka si kitu cha kuendea jogging ya pole na nyimbo. Zinayumba, zinachakaa haraka, na kwa mwendo wetu wa kuimba na kupiga makofi hazikusaidii chochote.

Nyie wenye miili mikubwa, na niseme wazi, nyie ndo mashujaa wangu asubuhi hii. Kila hatua ya kukimbia mguu unabeba mara mbili mpaka tatu ya uzito wako. Msidanganyike na sponji laini sana ambayo ukiibonyeza kwa kidole inafika chini, ukiwa na kilo 100 na kitu itafika chini kila hatua na itakuyumbisha. Tafuta nene lakini inayorudi, na soli iwe pana chini kuliko juu. Na ikaguliwe mapema zaidi ya ya wenzio.

Mnaoumwa magoti na mnaoumwa kano ya nyuma ya kisigino, nyie raba zenu si moja. Angalia tofauti ya urefu kati ya kisigino na vidole ndani ya raba. Nyingi za kawaida kisigino kimezidi kama milimita 8 mpaka 12. Kikizidi, kano ya nyuma inapumzika na goti linabeba zaidi. Kikiwa chini sawa na vidole, goti linapumzika na kano na misuli ya nyuma ndo inabeba. Kwa hiyo wa kano asikimbilie raba bapa, na wa goti anaweza kujaribu ya chini kidogo, lakini taratibu, taratibu sana, wiki kwa wiki, maana ukibadilisha ghafla unahamisha maumivu kutoka juu kwenda chini.

Dada zangu, raba za kike kwa kawaida zimekatwa nyembamba, hasa kisigino. Kama mguu wako mpana, vaa ya kiume, hakuna aliyeandika sheria. Na kaka mwenye mguu mwembamba vilevile.

Wazee wangu na wote wenye kisukari. Hapa natulia kidogo. Kisukari kikikaa muda mrefu kinaweza kuua hisia za nyayo, unakanyaga kokoto ndani ya raba huisikii, unachubuka hujui, kidonda kinaanza kwa kitu kidogo kabisa na kinaishia pabaya. Kabla ya kuvaa ingiza mkono ndani ya raba, pitisha vidole kila kona, mpaka mbele kabisa. Vaa soksi nyeupe, ukichubuka utaona doa. Raba iwe na nafasi mbele, isiwe na mshono mgumu ndani. Ukirudi nyumbani tazama nyayo, kama huwezi kuinama mwambie mjukuu atazame. Na kabla ya kuanza kukimbia daktari aikague miguu. Nawaomba sana.

Sasa tuje kwenye mtumba. Najua mlikuwa mnasubiri hapa.

Wengine wakisimama kwenye majukwaa kama haya wanasema usinunue mtumba. Mimi siwezi kusema hivyo kwa watu wa Temeke, tutakuwa tunadanganyana. Raba mpya ya kweli ya kukimbilia ni hela nyingi, na ile mpya ya bei chee yenye jina kubwa mara nyingi ni feki, imeigwa kwa nje tu, ndani sponji ni ya ndala. Kati ya feki mpya na mtumba mzima mimi nachukua mtumba mzima. Kazi ni kuujua mzima.

Nendeni Karume, nendeni Tandika, ila nendeni na mikono. Nitawaonyesha na hii niliyoshika. Kwanza iweke juu ya meza iliyonyooka, chuchumaa uitazame kwa nyuma. Imesimama wima au imelala upande? Hii yangu inalala ndani, mnaona? Mwenyewe wa kwanza aliilaza. Ukiivaa inakulaza na wewe, utarithi mwendo wa mtu usiyemjua. Rudisha.

Pili, tazama sponji pembeni, pale kati ya kitambaa na soli ya chini. Mikunjo midogomidogo iliyolala imejaa? Bonyeza kwa gumba kwa nguvu. Sponji nzima inabonyea inarudi. Iliyochoka haibonyei, imekuwa ngumu kama mkate wa juzi. Na hapa muwe makini, raba inaweza kuwa safi inang'aa haijavaliwa kabisa lakini imekaa stoo miaka, sponji inazeeka yenyewe na gundi inakufa, unakimbia kilomita tano soli inabanduka yote. Vuta pale mbele kwenye vidole na pale kisigino uone gundi.

Tatu, ikunje. Shika kisigino na ncha ya vidole, ikunje. Inatakiwa ikunjike pale vidole vinapoanzia. Ikikunjika katikati kama gazeti hiyo haina mgongo, achana nayo. Halafu bana ile sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino kwa vidole viwili, kama unataka ya kushikilia mguu pasiwe palaini wala pasiwe pamevunjika. Wauzaji wengi wanawaacha watu wakanyage kisigino cha raba wakijaribu, pale panavunjika, na pakivunjika hakuna fundi wa kupatengeneza.

Nne, chomoa soli ya ndani. Ukiona alama ya unyayo wa mtu imezama, shimo la kidole gumba, shimo la kisigino, hiyo imetembea sana. Soli ya ndani unaweza kubadilisha, lakini ikizama hivyo ujue na sponji ya chini imezama. Ukikuta nzuri kila mahali, piga maji, anika kivulini. Kivulini nimesema! Jua la Dar juu ya bati linaua gundi na sponji kwa wiki chache, na hili ni kwa raba mpya pia, mnazianika juu ya ukuta mchana kutwa halafu mnashangaa zimefunguka.

Kuna swali nilijua litakuja na limekuja hapa mbele, mzee anauliza, mbona sisi tulikimbia peku na hatukuumwa, mbona Bikila alikimbia peku?

Ni kweli mzee wangu. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 akiwa peku, saa 2 dakika 15, dunia ikashangaa. Raba alizopata kule hazikumkaa, na mazoezini alishazoea kukimbia peku, akaamua kuziacha. Mguu kwanza, raba baadaye, si ndo hilohilo? Na miaka minne baadaye Tokyo alishinda tena, mara hii kavaa raba na soksi, akaenda haraka zaidi, saa 2 dakika 12. Kwa hiyo Bikila hatufundishi kwamba raba ni mbaya. Na mguu wake ulikuwa umeshafanya kazi ya peku muda mrefu, ngozi, mifupa, misuli, vyote vimezoea. Wewe uliyekaa ofisini miaka 15 na viatu vya ngozi ukaamka leo kukimbia peku kwenye lami ya Mandela, mguu wako haujui hiyo kazi. Ukitaka kuuimarisha, tembea peku nyumbani, tembea kwenye mchanga wa baharini, anza hapo.

Na hii lami yetu ina jambo lake. Barabara zimeinuka katikati zinashuka pembeni ili maji yakimbie, ukikimbia upande uleule kila siku mguu mmoja upo chini mwingine upo juu, goti la upande mmoja linauma mtu anabadilisha raba tatu hapati nafuu. Kabla hujanunua raba ya nne, tafuta njia iliyonyooka, uwanja, au sehemu salama isiyo na magari ubadilishe upande.

Raba ina umri pia. Kwa kawaida kilomita 500 mpaka 800, mzito na mwenye kuburuza miguu mapema, mwepesi baadaye. Usisubiri soli ya chini itoboke, sponji inakufa kabla ya soli. Ukiona maumivu madogomadogo yanaanza kote kote, magotini, ugokoni, na hujaongeza mbio, tazama raba. Mwenye uwezo awe na mbili za aina tofauti azibadilishe, Luxembourg pia walilipima hilo, matokeo yakatoka 2015, waliobadilisha raba waliumia kidogo kuliko waliong'ang'ania moja. Mwenye moja asijisikie vibaya, aipe tu siku ya kupumzika, na yeye apumzike.

Maana hakuna raba, nasema hakuna, itakayombeba mtu aliyetoka kilomita 3 wiki iliyopita akaingia 15 wiki hii kwa sababu klabu jirani ina bonanza. Hao ndo wengi kliniki. Wananiletea raba niikague, raba nzima, mguu mzima, haraka tu ndo imewaumiza. Viongozi wa klabu hili ni lenu, wageni muwapangie kundi lao la mbio fupi, msiwavute na wakongwe kwa sababu ya picha ya pamoja.

Nimeambiwa muda umekwisha na jua limeshapanda. Meza ile pale chini ya mwembe nimeweka karatasi, kalamu na ndoo ya maji. Leteni raba mlizokuja nazo tuzikunje na kuzibonyeza pamoja, na miguu tuichore. Hakuna malipo. Naomba wenye kisukari waanze, wavue na soksi kabisa, halafu wale wageni waliojiunga mwezi huu, wakongwe mtasubiri kidogo. Mwenyekiti, maiki hii hapa.